Ole-Johan Dahl

Ole-Johan Dahl (Mandal, Norwei, 12 Oktoba 1931 – Asker, Norwei, 29 Juni 2002) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta na profesa wa Chuo Kikuu cha Oslo. Pamoja na Kristen Nygaard (1926–2002) aliunda lugha za programu Simula I na Simula 67, ambazo ndizo chanzo cha mtindo wa kuunda programu kwa kutumia objekti. Kwa kazi hiyo wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, ambayo katika fani ya kompyuta huheshimiwa kama Tuzo ya Nobel inavyoheshimiwa katika fizikia.

Dahl anakumbukwa zaidi kwa sababu ya objekti. Hata hivyo objekti zilitokana na swali jingine la msingi: kazi ambayo haijaisha ikisimama kwa muda ili kupisha nyingine, vitu vyake vihifadhiwe wapi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta? Jibu aliloanza kulitafuta mwaka 1963 bado linahitajiwa na kila lugha ya programu yenye korutini, yaani programu ndogo zinazoweza kusimama katikati na baadaye kuendelea pale zilipoishia.

Maisha ya awali

Dahl alizaliwa Mandal, mji wa pwani ulioko kusini kabisa mwa Norwei. Alipokuwa na umri wa miaka 7 familia yake ilihamia Drammen, karibu na Oslo. Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Norwei ilivamiwa na Ujerumani. Dahl alipofikia umri wa miaka 13 familia yote ilikimbilia Uswidi, nchi ambayo haikushiriki vita hiyo.

Baada ya vita alirudi nyumbani na kusoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Oslo. Tangu ujana wake alipenda mambo mawili: hisabati na muziki wa piano. Aliendelea kupiga piano pamoja na marafiki hadi uzeeni.

Kazi katika Kjeller

Mwaka 1952 Dahl alipelekwa kutimiza utumishi wa kijeshi katika Taasisi ya Utafiti wa Ulinzi ya Norwei iliyoko Kjeller. Hapo aliwekwa chini ya Jan Garwick, mmoja wa waanzilishi wa sayansi ya kompyuta nchini humo. Hapo pia alikutana na Kristen Nygaard, aliyekuwa amefika mwaka 1948 na aliyeshughulikia mahesabu ya utafiti wa kijeshi na wa nyuklia.

Mwaka 1957 taasisi ilipata kompyuta ya Ferranti Mercury kutoka Uingereza, iliyopewa jina la FREDERIC. Wakati huo programu nyingi ziliandikwa kwa tarakimu na alama ambazo mashine yenyewe huzielewa. Dahl aliunda kwa ajili ya kompyuta hiyo lugha ya kiwango cha juu, pamoja na kompaila yake. Kompaila ni programu inayochukua maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mtu anaisoma kwa urahisi na kuyatafsiri kuwa maagizo ya mashine. Mwaka huohuo alimaliza shahada yake ya uzamili, kwa tasnifu iliyohusu matumizi ya mashine hiyohiyo.

Nygaard alihamia Kituo cha Kompyuta cha Norwei mjini Oslo mwaka 1960, na Dahl akamfuata mwaka 1963. Tabia zao zilitofautiana sana. Nygaard alikuwa mwanasiasa na mzungumzaji. Dahl alikuwa mpole na mtu wa maneno machache. Lakini mbele ya ubao walibishana kwa nguvu. Inasimuliwa kuwa mwaka 1967 mfanyakazi mgeni wa kituo aliwakuta, akakimbia kutoa taarifa kwamba watu wawili wanapigana. Mhudumu wa simu alisikiliza sauti zile, akamtuliza: walikuwa Dahl na Nygaard wakijadili Simula.

Uigaji wa foleni

Nygaard alitaka lugha ya kueleza shughuli zenye foleni, kama vile kiwanda, bandari au barabara, ili kompyuta iziige kabla ya watu kutumia fedha kuzijenga au kuzibadilisha. Alianza kulifikiria jambo hilo mwaka 1961, na mwaka 1962 alimwomba Dahl washirikiane, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa mjuzi wa kuunda kompaila.

Msomaji wa kanda ya Ziwa Viktoria anaweza kulielewa hitaji hilo kwa kukumbuka kivuko cha Kigongo na Busisi katika Ghuba ya Mwanza, kilivyokuwa kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kuzinduliwa mwezi Juni 2025. Malori, mabasi na magari madogo ya kwenda Sengerema na Geita yalipanga foleni upande wa Kigongo yakisubiri kivuko. Tuseme mtu anataka kujua kama kuongeza kivuko kimoja kutapunguza muda wa kusubiri kwa nusu au kwa robo tu. Anaweza kununua kivuko na kuona matokeo, au kuiga shughuli yote ndani ya kompyuta.

Katika uigaji huo kila gari lina habari zake: aina yake, uzito wake, saa lilipofika. Kila gari pia lina mwendo wake: linafika, linasubiri, linapanda kivuko, linavuka, linashuka, linaondoka. Njia ya wazi kuliko zote ni kuandika mwendo huo kama programu ndogo, kisha kila gari kupewa nakala yake ya kuendesha. Lakini nakala moja haiwezi kwenda kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Gari likifika kwenye foleni, programu yake lazima isimame, habari zake zibaki salama, na kompyuta ishughulikie magari mengine na kivuko chenyewe. Zamu yake ikifika, iendelee kutoka mstari uleule ilipoishia. Kama foleni ina magari 80, kuna nakala 80 zilizosimama, kila moja mahali pake.

Tatizo la kumbukumbu

Dahl na Nygaard waliamua kuijenga Simula juu ya ALGOL 60, lugha iliyotangazwa mwaka 1960 na iliyoheshimiwa sana na wataalamu wa Ulaya. Hapo ndipo walipokwama.

Programu ndogo inapoitwa kufanya kazi, kompaila huwa imeipangia eneo la kumbukumbu liitwalo fremu. Ndani ya fremu huwekwa vigeu vyake, yaani namba na habari anazozitumia, pamoja na anwani ya mahali pa kurudi kazi ikiisha. Katika ALGOL 60 fremu zilipangwa kwa rusu, yaani moja juu ya nyingine kama sahani kabatini. Programu ndogo A ikimwita B, fremu ya B huwekwa juu ya ile ya A. B akimwita C, ya C huwekwa juu kabisa. C akimaliza, fremu yake huondolewa, kisha ya B, kisha ya A. Wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka.

Mpango huo ni rahisi na wa haraka. Kompyuta inahitaji kukumbuka jambo moja tu, nalo ni kileleni mwa rusu ni wapi. Kutenga nafasi ni kukipandisha kilele, na kuirudisha ni kukishusha. Lakini mpango una sharti moja: aliyeitwa lazima amalize kabla ya aliyemwita kuendelea.

Magari ya kivuko hayatimizi sharti hilo. Lori lililofika saa 2 asubuhi linasimama likisubiri, na basi lililofika saa 2 na nusu fremu yake inawekwa juu ya ile ya lori. Kivuko kinapokuja, lori linaondoka kwanza, ingawa fremu yake iko chini. Ikitolewa, inaacha tundu katikati ya rusu. Lori likiendelea na kuita programu ndogo nyingine, fremu mpya haina pa kukaa, kwa sababu juu yake kuna ya basi. Ikiwekwa hapo kwa nguvu, habari za basi zinafutwa. Kosa la namna hiyo ni baya, kwa sababu kompyuta haisimami wala kulalamika. Inaendelea na kutoa majibu yasiyo ya kweli, na mtu anaweza kuyategemea kununua kivuko.

Simula I

Mwanzoni Dahl na Nygaard walifikiri Simula ingeweza kuwa nyongeza ya ALGOL 60 bila kuigusa kompaila yenyewe. Katika mwaka 1963 Dahl aliona kwamba haiwezekani, akaamua kuacha utii kwa rusu. Aliunda mfumo mpya wa kugawa kumbukumbu ambamo fremu huchukuliwa mahali popote penye nafasi ya kutosha, na mashine huweka orodha za maeneo yaliyo wazi, yakipangwa kwa ukubwa, ili eneo lililorudishwa lipewe mwingine. Hifadhi isiyofuata mpangilio wa kuingia na kutoka kama hiyo huitwa lundo.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Kutafuta nafasi ndani ya lundo kunachukua muda mrefu kuliko kupandisha kilele cha rusu, na kompyuta za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo sana. Lakini ulifungua mlango. Fremu zikishakuwa huru, hakuna ulazima wa kazi kuisha kwa kufuatana. Mwezi Februari 1964 wazo la mchakato likapatikana: kila kitu katika uigaji kina habari zake na mwendo wake, na michakato mingi hupokezana kwenye kompyuta moja kana kwamba inakwenda kwa pamoja.

Kompaila ya Simula I iliandikwa kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC 1107. Kampuni ya Marekani iliyoitengeneza ilikubali kuiuza kwa kituo cha Oslo kwa nusu ya bei, na kituo kikakubali kuitengenezea Simula. Kompyuta iliwasili mwezi Agosti 1963, na kompaila ilianza kutumika mwanzoni mwa mwaka 1965. Sehemu kubwa ya kazi ya kompaila hiyo ilifanywa na Dahl.

Simula 67 na kuzaliwa kwa objekti

Katika kutumia Simula I, Dahl na Nygaard waligundua jambo ambalo hawakulitarajia. Mara nyingi watumiaji waliunda mchakato si kwa ajili ya mwendo wake, bali kwa ajili ya habari zake tu. Fremu iliyobaki kwenye kumbukumbu baada ya kazi kusimama ilikuwa na manufaa yenyewe. Iliweza kushikwa kwa kielekezi, kuulizwa habari zake, na kuitiwa programu ndogo zilizomo ndani yake. Fremu hiyo isiyokufa ndiyo objekti.

Mfano mmoja waliouchunguza ulikuwa daraja lenye kituo cha kulipia ushuru na foleni ya malori na mabasi. Lori na basi ni vitu tofauti, lakini vyote viwili hupanga foleni. Je, kila aina iandikiwe upya maagizo ya kukaa kwenye foleni? Mwishoni mwa mwaka 1966 na mwanzoni mwa 1967, wakitumia pia mawazo ya Tony Hoare wa Uingereza kuhusu rekodi, walipata jibu. Sifa za pamoja ziliandikwa mara moja katika klasi ya jumla, na klasi ya lori na ya basi zikazirithi. Katika kumbukumbu jambo hilo lilipangwa kwa njia nyepesi: sehemu ya klasi ya jumla hukaa mwanzoni mwa objekti, na sehemu ya klasi mahususi hufuata. Hivyo programu inayojua foleni tu huikuta sehemu yake mahali palepale, awe lori au basi.

Simula 67 ilitangazwa mwezi Mei 1967 katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Lysebu, Oslo. Ili mtumiaji asilazimike kurudisha kumbukumbu mwenyewe, lugha hiyo ilitumia ukusanyaji wa taka: kila baada ya muda mashine hukagua ni objekti zipi bado zinafikiwa kwa kielekezi chochote, na zisizofikiwa nafasi zake huchukuliwa tena. Kwa kuwa kielekezi hakiwezi kuelekeza eneo ambalo limeshapewa mwingine, kosa la majibu ya uongo lililoelezwa hapo juu liliondolewa tangu msingi.

Mpangilio wa korutini

Neno la korutini lilibuniwa na Mmarekani Melvin Conway mwaka 1958, naye alilieleza katika makala ya mwaka 1963 kuhusu kuunda kompaila. Mchango wa Dahl ulikuwa kuiingiza korutini ndani ya lugha yenye programu ndogo zilizomo ndani ya nyingine, bila kuvuruga kumbukumbu.

Katika Simula 67 kila fremu ilibeba vielekezi viwili. Cha kwanza kilionyesha fremu ya sehemu inayoizunguka katika maandishi ya programu, ili vigeu vya nje vipatikane. Hicho hakibadiliki. Cha pili kilionyesha nani wa kurudiwa kazi ikiisha, nacho kilibadilika. Objekti ikisimama, mnyororo wake wa fremu uliachwa ukining'inia kwake, na mahali ilipoishia pakaandikwa ndani yake. Ikiamriwa kuendelea, vielekezi vilibadilishana, na mnyororo uleule ukawa ndio unaotenda kazi. Hakuna habari iliyohamishwa kutoka eneo moja hadi jingine; ni vielekezi vichache tu vilivyogeuzwa. Badala ya rusu moja, kumbukumbu ikawa kama mti wenye matawi mengi, na kazi ikaruka kutoka tawi hadi tawi. Mwaka 1971 Dahl na Arne Wang walichapisha makala iliyoeleza kanuni za ubadilishanaji huo kwa usahihi.

Mwaka 1972 Dahl alishirikiana na Edsger Dijkstra na Tony Hoare katika kitabu cha Structured Programming. Sura aliyoiandika na Hoare inaonyesha klasi na korutini kama pande mbili za wazo moja, yaani fremu inayoishi baada ya mwito wake.

Uprofesa

Mwaka 1968 Dahl aliteuliwa kuwa profesa wa kwanza wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Oslo. Miaka iliyofuata aliitumia kujenga idara, kuandaa masomo na kusimamia wanafunzi. Utafiti wake uligeukia namna ya kuthibitisha kwa hisabati kwamba programu inafanya kile inachotakiwa kufanya. Matokeo yake yamo katika kitabu chake cha Verifiable Programming cha mwaka 1992. Hakupenda kujitangaza, na katika mikutano mingi Nygaard ndiye aliyesimama kuieleza kazi yao.

Tuzo na kifo

Mwaka 2000 Dahl na Nygaard walitunukiwa na Mfalme wa Norwei nishani ya Mtakatifu Olav kwa ngazi ya Kamanda. Walipata Tuzo ya Turing ya mwaka 2001 na Medali ya John von Neumann ya mwaka 2002. Wakati huo Dahl alikuwa mgonjwa wa saratani. Alifariki tarehe 29 Juni 2002 akiwa na umri wa miaka 70. Nygaard alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 10 Agosti mwaka huohuo, wiki sita tu baadaye.

Jengo la idara ya kompyuta la Chuo Kikuu cha Oslo, lililofunguliwa mwaka 2011, limepewa jina la Dahl.

Urithi

Simula yenyewe haikuenea sana, lakini watu walioisoma waliyapeleka mawazo yake mbali. Bjarne Stroustrup kutoka Denmark aliitumia alipokuwa mwanafunzi Cambridge. Alipenda klasi zake lakini aliona programu zake zinakwenda polepole, sehemu kwa sababu ya ukusanyaji wa taka. Mwaka 1979 alianza kuunda lugha iliyokuja kuitwa C++. Kwa njia hiyo na nyinginezo, mwanafunzi wa Mwanza anayejifunza Java au Python leo anatumia klasi na objekti za Dahl, hata kama hajawahi kusikia jina la Simula.

Korutini zilisahauliwa kwa miaka mingi, kisha zikarudi kwa sababu ya mtandao. Kompyuta inayohudumia watu 10,000 kwa wakati mmoja huwa na kazi 10,000 ambazo nyingi zimesimama zikisubiri jibu, sawa na magari ya Kigongo. Kila moja ikitengewa rusu yake ya MB 1, zitahitaji takriban GB 10. Lugha za leo zinalikabili tatizo hilo kwa njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni kuipa kila kazi rusu yake ndogo inayoweza kukua. Lugha ya Go huanza na KB 2, hivyo kazi 10,000 huanza na takriban MB 20. Rusu ikijaa, yaliyomo huhamishiwa katika eneo kubwa zaidi.

Njia ya pili ni kompaila kukagua programu kabla haijaendeshwa na kubaini ni vigeu gani vitahitajika baada ya kila mahali pa kusimama. Hivyo tu ndivyo huwekwa katika fremu ya kudumu, pamoja na namba inayoonyesha kazi iliishia wapi. Vingine hukaa kwenye rusu ya kawaida na kutoweka. C++ ilipokea korutini za aina hiyo mwaka 2020, na kwa kawaida fremu zake huwekwa kwenye lundo. Kompaila ikiweza kuthibitisha kwamba korutini itakwisha kabla ya aliyeiita, inaruhusiwa kuirudisha fremu yake ndani ya fremu ya mwitaji. Katika Rust ukubwa wa fremu hujulikana tangu wakati wa kutafsiri, na fremu moja huweza kukaa ndani ya nyingine.

Njia zote mbili hutofautiana kwa kasi na kwa ukubwa wa nafasi, lakini zinakubaliana katika jambo ambalo Dahl aliliamua mwaka 1963: fremu ya kazi iliyosimama haiwezi kutegemea zamu ya rusu. Lazima ipewe mahali pake, na ihifadhiwe mpaka kazi iishe.